NCHI JIRANI: OFISI INAPOHAMIA NYUMBANI KWA MFANYAKAZI



Siku ya Ijumaa, tarehe 13 Machi mwaka 2020, Serikali ya Kenya ilitangaza kwamba mgonjwa wa kwanza wa Korona nchini humo amepatikana. Siku mbili baadaye Rais Uhuru Kenyatta alilihutubia taifa. Miongoni mwa hatua alizozitaja ilikuwamo moja ambayo haikuwa na kishindo kama kufungwa kwa shule, lakini ambayo athari yake ingali ikionekana hadi leo: ofisi za Serikali na makampuni zilitakiwa ziwaruhusu wafanyakazi wafanyie kazi zao nyumbani, isipokuwa wale walio katika huduma za lazima.

Ninyi ndugu askari, wa Jeshi na wa Polisi, mmo katika fungu hilo la pili, katika nchi yoyote ile. Lindo halilindwi kwa simu, na hajapata kutokea mlinzi wa daraja aliyelilinda akiwa ameketi sebuleni kwake. Kwa hiyo yawezekana wengine wenu wakauliza: jambo hili latuhusu nini? Lawahusu, kwa sababu wake na waume zenu, na watoto wenu waliokwisha kumaliza shule, wengi wao hutafuta riziki katika biashara ndogo na za kati, na huko ndiko mabadiliko haya yanakoingia bila ya kelele. Tena, vitu vya ofisi vinapotoka ofisini vikaingia majumbani na ndani ya mabasi, wizi wake na ulaghai wake huja kuandikishwa mezani kwenu, kituoni.

Majirani zetu walilijibu swali la mwaka 2020 kwa njia zilizotofautiana. Rwanda haikuomba, iliamuru: kuanzia tarehe 22 Machi wafanyakazi wote, wa Serikali na wa watu binafsi, walitakiwa wafanyie kazi nyumbani, ila wa huduma za lazima. Uganda nayo ilichukua njia ya pekee. Rais Yoweri Museveni, alipotangaza tarehe 30 Machi kufungwa kwa shughuli nyingi, aliviruhusu viwanda viendelee kwa sharti kwamba wafanyakazi wanaohitajika wapige kambi hapo hapo kiwandani, na wauza vyakula wakatakiwa walale sokoni badala ya kwenda na kurudi kila siku. Wengi walifanya hivyo kwa majuma kadhaa, vyandarua vimetundikwa juu ya meza za nyanya. Hivyo, wakati Kenya na Rwanda zilipoipeleka kazi nyumbani, Uganda iliwapeleka wafanyakazi wakaishi kazini. Nadhani ninyi mliielewa njia ya Uganda upesi kuliko sisi raia, maana kambi mnaijua.

Hata sisi watangazaji tulionja. Mimi mwenyewe nilipata kurekodi mazungumzo nikiwa chumbani kwangu, nimejifunika blanketi ili sauti isirudi ukutani, na jogoo wa jirani akawika katikati ya jina la waziri. Nilirekodi upya mara tatu.

Wazo lenyewe, hata hivyo, halikuzaliwa na Korona. Mwaka 1973, dunia ilipokumbwa na msukosuko wa mafuta ya petroli, mtaalamu mmoja wa Kimarekani, Jack Nilles, wa Chuo Kikuu cha Kusini mwa California, alianza kuuliza kwa nini mamilioni ya watu wachome petroli kila asubuhi kwenda kukaa mbele ya meza, ilhali kinachohitajika mezani ni habari, na habari yaweza kusafiri kwa waya. Wakati ule jibu lilikuwa gumu, kwa sababu waya wenyewe ulikuwa ghali na mashine zilijaza chumba kizima. Ilichukua miaka mingi swali lile kupata jibu katika nchi zetu.

Kwa Kenya, jibu lilikuja kwa vipande. Mwezi Machi mwaka 2007 ilianza huduma ya M-Pesa, na kulipana kwa simu kukawa jambo la kila siku, hata mwajiri akaweza kumlipa kibarua bila ya kuonana naye. Mwaka 2009 nyaya mbili za mawasiliano zilizolazwa chini ya bahari zilifika Mombasa: TEAMS, unaotoka Fujairah katika Umoja wa Falme za Kiarabu, na SEACOM, ambao ulifika pia Dar es Salaam. Kabla ya hapo mtandao wa Afrika Mashariki ulipitia kwenye setilaiti, ulikuwa wa polepole, na bei yake haikusogeleka. Kisha makaratasi ya Serikali yakaanza kuingia katika kompyuta. Marejesho ya kodi nchini Kenya hupelekwa kwa mtandao, na tangu tarehe 1 Januari 2024 gharama ya biashara isiyokuwa na ankara ya mfumo wa kodi wa kielektroniki haikubaliwi inapohesabiwa kodi. Mhasibu ambaye zamani alihitaji kukaa karibu na kabati la mafaili sasa aweza kuliona kabati lile akiwa Kisumu, na mwenye biashara yuko Nairobi.

Lakini tusilikuze jambo kupita kimo chake. Uchunguzi uliotolewa na Shirika la Takwimu la Taifa la Kenya mwaka 2016 ulionyesha kwamba biashara ndogo sana, ndogo na za kati zilikuwa kiasi cha milioni 7.4, zikiwa zimewapa kazi watu kiasi cha milioni 14.9. Nyingi mno kati ya hizo haziwezi kuhamia nyumbani kwa namna yoyote. Muuza mitumba wa Gikomba hana budi awe Gikomba. Fundi wa makarai na masanduku wa Kamukunji anahitaji nyundo, moto na mteja wa kupigana naye bei. Kinyozi hanyoi kichwa cha mtu kwa barua-pepe. Hao, pamoja na ninyi askari, ndio walioendelea kutoka asubuhi.

Waliobaki ni wachache kwa hesabu, ila ndio wenye kuajiri vijana waliosoma kidogo: ofisi za wahasibu, mawakala wa forodha wa Mombasa, mawakala wa bima na wa safari za watalii, wachora matangazo, wafasiri, watengeneza programu za kompyuta, makarani wa mawakili, vyuo vidogo vya ufundi wa ofisi. Ofisi ya watu watano, wanane, ishirini. Sheria ya Kenya ya mwaka 2012 kuhusu biashara hizi huiita biashara ndogo ile yenye watu kati ya 10 na 50. Chini ya 10 ni ndogo sana. Katika ofisi kama hiyo hakuna idara ya utumishi wala mwanasheria. Yuko mwenye mali, yuko karani mkuu, na wengine. Likiamuliwa jambo, huamuliwa siku moja, mara nyingi kwa mdomo, na hapo ndipo penye kisa chetu cha leo.

Tufanye mfano. Ofisi ya wahasibu yenye watu wanane imepanga ghorofani katikati ya Nairobi. Tuseme pango ni shilingi 60,000 za Kenya kwa mwezi, umeme na maji 8,000, mtandao 7,000, jumla 75,000. Mwenye mali anaona kazi ilifanyika vizuri katika miezi ile ya Korona, basi anaurudisha ufunguo kwa mwenye nyumba na kuwaambia watu wake: tangu leo kila mtu afanyie kazi kwake, mshahara ni ule ule, na nauli mmeipona.

Kuhusu nauli ni kweli. Mfanyakazi aliyekuwa akilipa shilingi 200 kwa siku kwenye matatu, kwa siku 22 za kazi, ameokoa 4,400. Na zaidi ya nauli ameokoa yale masaa ya kukaa kwenye foleni ya magari ya Jogoo Road au Mombasa Road, jambo ambalo kila aliyewahi kufika Nairobi saa moja ya asubuhi analifahamu. Lakini sasa bando la mtandao ni lake, umeme wa kompyuta mchana kutwa ni wake, na simu za wateja anazipiga kwa salio lake. Tuseme hayo yote ni 3,000 kwa mwezi. Kwa hesabu hiyo mfanyakazi amefaidi 1,400, naye mwenye mali amefaidi 75,000. Hata hivyo mfanyakazi aweza kusema, si haba.

Isipokuwa hesabu haijakwisha, kwa sababu haijahesabiwa meza. Ile meza iliyokuwa ghorofani inakwenda kuwekwa wapi? Wakazi wengi wa Nairobi ni wapangaji, na mfanyakazi wa kiwango cha karani, katika mitaa kama Umoja au Kayole, mara nyingi amepanga chumba kimoja au viwili pamoja na mwenzi wake na watoto. Kitanda, jiko, kabati la vyombo na mtoto mwenye homa viko mahali pamoja. Hapo ndipo anapotakiwa kufunga hesabu za mwisho wa mwezi za kampuni ya mtu. Akitaka utulivu, apange chumba kingine, na pango la chumba kile litakuwa kubwa kuliko nauli yote aliyoiokoa. Pango halikufutwa, basi. Limetolewa katika daftari la mwenye mali na kuandikwa katika daftari la karani, naye hakuulizwa.

Jambo hili la chumba si dogo. Uchunguzi unaotajwa sana na wanaosifu kazi za nyumbani ulifanywa nchini China kuanzia mwaka 2010, katika kampuni ya safari iitwayo Ctrip, mjini Shanghai, chini ya Profesa Nicholas Bloom wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzake. Kwa miezi tisa wapokea simu waliojitolea waligawanywa kwa kura. Wengine walifanyia kazi nyumbani siku nne kwa juma, wengine walibaki ofisini. Waliokuwa nyumbani walifanya kazi zaidi kwa asilimia 13. Wenye mali wa kila nchi huikumbuka namba hiyo. Wasiyoyakumbuka ni mambo mengine matatu yaliyoandikwa pale pale. Hakuruhusiwa kuingia katika jaribio ila mtu aliyekuwa na chumba chake mwenyewe cha kufanyia kazi na mtandao wa kutosha. Jaribio lilipokwisha na watu wakapewa hiari ya kuchagua upya, takriban nusu ya waliokuwa nyumbani waliomba kurudi ofisini, na upweke ulikuwa sababu kubwa. La tatu ninyi mtalielewa bila ya kufafanuliwa: kwa watu wenye utendaji uliolingana, waliokuwa nyumbani walipandishwa vyeo kwa nadra zaidi. Asiyeonekana na mkuu wake husahauliwa siku ya kutaja majina.

Je, sheria inasemaje? Sheria ya Ajira ya Kenya ni ya mwaka 2007, nayo iliandikwa wakati ambapo hakuna aliyefikiria ofisi ya chumbani. Hata hivyo inayo maneno yanayofaa. Mkataba wa maandishi hauna budi kutaja mahali pa kazi na saa za kazi, na mambo hayo yakibadilika, mwajiri anatakiwa ashauriane na mfanyakazi, aurekebishe mkataba, na kumjulisha kwa maandishi. Kwa hiyo yule mwenye mali wa mfano wetu aliyesema kwa mdomo, siku moja, kwamba kila mtu aende kwake, ameruka hatua. Kubadilisha mahali pa kazi ni kubadilisha mkataba. Ureno, kwa sheria ya mwezi Desemba 2021, ilikwenda mbele zaidi ikamtaka mwajiri afidie gharama za nyongeza anazopata mfanyakazi kwa kufanyia kazi nyumbani, kama vile umeme na mtandao. Katika mfano wetu, mwenye mali akiwalipa wote wanane zile 3,000, atatoa 24,000 na kubakiwa na 51,000 kila mwezi mfukoni mwake. Kumshawishi mtu wa namna hiyo kwamba hajaonewa si kazi ngumu.

Upande wa mwenye mali nao unastahili kusikilizwa. Hofu yake kubwa ni kwamba asiowaona hawafanyi kazi. Hofu hii si ya ujinga. Biashara ya watu wanane huweza kuzama kwa uvivu wa wawili. Lakini dawa anayoichagua mara nyingi ndiyo inayoharibu. Anapiga simu kila nusu saa. Anataka kamera ya kompyuta iwe wazi kutwa nzima, amwone mtu akiwa amekaa. Anatuma ujumbe saa nne ya usiku na kutaka majibu kabla ya kulala. Mtu akikaa mbele ya kamera kwa saa nane bila ya kuandika mstari, mwenye mali huyo ameridhika. Akimaliza kazi yote kwa saa tano na kwenda kumchukua mtoto shuleni, ameonekana mtoro.

Ninyi mnajua namna nyingine ya kumsimamia mtu asiyeonekana. Mkuu wa kikosi anapoituma doria porini haioni. Haipigii simu ya upepo kila dakika, maana angeichosha na kuifichua. Kabla haijaondoka ameieleza nini kinatakiwa, hadi wapi, kwa muda gani. Imepewa saa za kutoa taarifa, na ikitokea ajali yajulikana nani aitwe. Ikirudi, hupimwa kwa kile ilichotumwa. Ofisi ndogo za Kenya zilizofaulu katika jambo hili hufuata mwendo unaofanana na huo, hata kama wenyewe hawauiti hivyo. Asubuhi yafanyika mazungumzo mafupi ya simu ya watu wote, kila mtu aseme atakalolimaliza siku hiyo. Kazi yenyewe yaandikwa mahali pamoja panapoonekana na wote: hesabu za mteja fulani zimefikia hapa, mwenye nazo ni fulani, zatakiwa Alhamisi. Jioni kila mmoja huandika alichokimaliza na kilichomkwamisha. Karani mzembe hujulikana baada ya wiki mbili tu kwa namna hiyo, tena hujulikana kwa ushahidi.

Kuhusu zile simu za usiku, mwaka 2022 ulipelekwa katika Seneti ya Kenya muswada wa kuirekebisha Sheria ya Ajira, wenye shabaha ya kumpa mfanyakazi haki ya kutojibu simu na barua-pepe za kazi nje ya saa za kazi. Shirikisho la Waajiri la Kenya liliupinga. Ufaransa ilikuwa na haki kama hiyo katika sheria zake tangu tarehe 1 Januari 2017, lakini kwa makampuni yenye watu 50 au zaidi. Biashara ndogo, ambako mwenye mali ana namba ya simu ya kila mtu na kila mtu anamwogopa, ndiko kwenye haja kubwa, na ndiko sheria inakochelewa kufika.

Yako pia mambo yasiyomtegemea mwajiri wala mfanyakazi. Usiku wa Ijumaa, tarehe 25 Agosti 2023, umeme ulikatika karibu katika Kenya yote, hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukawa gizani, na sehemu nyingine zilikaa hivyo hadi siku iliyofuata. Uliwahi kukatika namna hiyo tena mwezi Novemba na Desemba mwaka ule ule. Ofisi ya ghorofani huenda ina jenereta la mwenye nyumba. Chumba cha Kayole hakina. Tarehe 12 Mei 2024, Jumapili, nyaya mbili za baharini, EASSy na SEACOM, ziliharibika upande wa Afrika Kusini, na mtandao ukazorota kuanzia Kenya hadi Msumbiji. Sisi hapa Tanzania tulilipata pigo hilo sawasawa. Uganda nayo, usiku wa kuamkia uchaguzi wa tarehe 14 Januari 2021, mtandao ulizimwa nchi nzima kwa amri, ukarudi tarehe 18. Kampuni ndogo ya Kampala iliyokuwa imetawanya watu wake majumbani ilikaa siku zile bila ya ofisi kabisa, kwa kuwa ofisi yake ilikuwa ni ule mtandao. Mwenye biashara mwangalifu huweka mitandao ya makampuni mawili tofauti ya simu, huwa na nakala za kazi ambazo hazihitaji mtandao kufunguliwa, na huwa amekwisha kuwaambia watu wake siku umeme ukizimika wakutane wapi. Wengi hawakujiandaa hivyo mpaka walipopata hasara.

Sasa tuje kwenye meza yenu ya kituoni. Zamani aliyetaka siri za ofisi alivunja mlango wa ofisi. Leo kompyuta yenye majina, namba za vitambulisho na hesabu za wateja mia mbili inasafiri katika mkoba, ndani ya matatu, na jioni inawekwa juu ya meza ya chakula. Kibaka aliyeipora yawezekana anataka auze chuma tu. Lakini Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya, ya mwaka 2019, inaitazama kwa jicho lingine: habari za watu zikiangukia mikononi mwa asiyestahili na pakawa na hatari ya kweli ya kuwadhuru, mwenye biashara anatakiwa ampe taarifa Kamishna wa Ulinzi wa Data ndani ya saa 72. Sisi Tanzania tunayo sheria yetu ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Kwa hiyo raia anapofika kituoni saa mbili ya usiku kuandikisha kompyuta iliyoporwa, maswali ya ziada yanafaa: ni mali yako au ya mwajiri? Ilikuwa na habari za nani ndani yake? Ilifungwa kwa neno la siri? Umekwisha kumwambia mwajiri wako? Hati ya polisi aliyopewa ndiyo itakayoonyesha baadaye kwamba aliripoti mapema, naye mwajiri saa zake zimeanza kuhesabiwa.

Ulaghai nao umebadilika sura. Karani wa malipo aliyekaa peke yake nyumbani anapokea barua-pepe iliyoandikwa kwa jina la mkubwa wake: mlipe haraka muuzaji fulani, namba yake ya akaunti imebadilika, niko mkutanoni usinipigie. Angekuwa ofisini angegeuka na kuuliza. Akiwa peke yake, analipa. Herufi moja tu katika anwani ya barua ile ilikuwa si ya kweli. Ofisi nyingi ndogo sasa zimeweka kanuni kwamba malipo yoyote yenye akaunti mpya hayatoki mpaka pawe na mazungumzo ya sauti, kwa namba inayojulikana tangu zamani, si ile iliyoandikwa katika barua. Kanuni hiyo haina gharama hata senti moja.

Lipo kundi jingine linalopata hasara bila ya kelele, nalo ni la wanagenzi. Kijana aliyetoka chuoni alijifunza kazi kwa kumwangalia mkubwa wake akimjibu mteja mkorofi, kwa kusikia simu isiyomhusu, kwa kukosolewa pale pale. Ninyi hamwezi kumfunza kuruta kwa barua. Kwa sababu hiyo wako wenye ofisi ambao humtaka mgeni akae ofisini miezi sita ya kwanza, na mtu mzoefu awepo pamoja naye, ndipo apewe ruhusa ya kuondoka. Naona wamefanya vyema, hata kama vijana wananung'unika.

Baada ya miaka hii, nyingi ya ofisi hizo zimeangukia katikati. Pango la ghorofani limepunguzwa kuwa la chumba chenye meza nne kwa watu wanane. Watu hupishana, siku mbili au tatu nyumbani, zilizosalia ofisini, na siku moja ya juma wote hukutana. Mwendo huu nao ulipimwa katika kampuni ile ile ya China, kwa watu zaidi ya 1,600, na matokeo yakachapishwa mwaka 2024: waliopewa siku mbili za nyumbani walifanya kazi sawa na wenzao, wala hawakucheleweshwa vyeo, na walioacha kazi walipungua kwa theluthi moja. Kwa biashara ndogo hilo la kuacha kazi si dogo. Akiondoka mmoja kati ya wanane, ameondoka na wateja wake.

Nalo ndilo linalonirudisha kwenye nyumba zenu. Askari akipata uhamisho, mwenzi wake hupoteza kazi; hilo ni la Kenya na ni la hapa kwetu. Mke wa polisi wa Nairobi anayehamishiwa Lodwar, mbali huko kaskazini-magharibi, zamani aliandika barua ya kuacha kazi wiki ile ile ya kufunga mizigo. Leo, akiwa mhasibu katika ofisi ya watu wanane, na mwenye ofisi akiwa mtu wa kusikia, aweza kuondoka na kazi yake. Ila mapatano yao yaandikwe kabla lori la mizigo halijaondoka: kompyuta ni ya kampuni na ikiharibika hutengenezwa na kampuni, bando na umeme hulipwa kila mwezi pamoja na mshahara, taarifa hutolewa saa tatu ya asubuhi na saa kumi ya jioni, na baada ya hapo simu inanyamaza, kila baada ya miezi mitatu anakuja Nairobi kukaa na wenzake wiki moja. Na nauli ya basi ya safari hiyo, kwenda na kurudi, iandikwe kwamba ni ya kampuni.